Ni Mila Tu

Kwa karne kadhaa orodha ya watakatifu iliyotumika Roma iliitaja tarehe 27 Novemba kuwa siku ya Barlaam na Josaphat. Josaphat, kama hadithi inavyosimulia, alikuwa mwana wa mfalme wa Uhindi. Baba yake alitabiriwa kwamba mtoto ataiacha enzi afuate dini, basi akamjengea kasri na kumzuilia humo, asije akaona mgonjwa, mzee wala maiti. Kijana alipopata kutoka aliyaona yaliyofichwa, na moyo ukamgeuka. Akaja mtawa Barlaam, amejifanya mfanyabiashara wa vito, akamfundisha Ukristo. Mwishowe Josaphat akakiacha kiti cha enzi akaenda jangwani kuishi kwa sala.

Anayeijua habari ya Siddhartha Gautama ameshamtambua. Ni Buddha mwenyewe, amevalishwa kanzu ya watawa wa Kikristo. Hata jina ni lake. Bodhisattva, yaani aliye njiani kuelekea kuamka, liliingia katika Kiarabu likawa Budhasaf. Kisha mwandishi fulani akateleza kalamu, nukta moja chini ya herufi ya kwanza ikawa mbili, be ikawa ye, na Budhasaf akawa Yudhasaf. Wageorgia wakalichukua hivyo hivyo, wakawapa Wagiriki, Wagiriki wakawapa Walatini, kila mmoja akilitamka kwa ulimi wake hadi likawa Josaphat. Kabla ya Waislamu walioiandika kwa Kiarabu, hadithi ilikuwa imepita mikononi mwa wafuasi wa nabii Mani huko Asia ya Kati. Dini nne zimeisimulia, na kila iliyoipokea iliisimulia kama mali yake.

Mwanzoni mwa karne ya 17 Diogo do Couto, mwanahistoria wa Wareno wa Asia, alisikia habari za Buddha huko Uhindi akashangaa jinsi zinavyofanana na za Josaphat. Akawaza, akapata jibu: huenda wapagani hawa wanamwabudu Mtakatifu Josaphat bila kujua. Mwenye mali ndiye aliyeonekana mwazimaji.

Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Ukiazima sufuria kwa jirani, utarudisha sufuria ile ile. Ukikopa unga, utarudisha unga mwingine, kwa sababu ule umeshaliwa. Desturi za dini hazikai vizuri katika neno lolote kati ya haya. Anayechukua desturi ya jirani hamnyang'anyi jirani kitu, maana jirani anabaki nayo. Wala hairudishi, na baada ya vizazi vitatu hakumbuki kwamba ilitoka upande wa pili wa ua. Wahenga walisema nguo ya kuazima haistiri matako. Katika dini imestiri sana, tena kwa karne nyingi.

Tazama shanga za kuhesabia sala. Wahindu na Wabuddha wana uzi wa shanga 108, na Uhindi ndiko zilikotangulia. Waislamu wana tasbihi ya punje 99, au 33 zinazozungushwa mara tatu. Wakatoliki wana rozari ya punje 59, na mwaka 2002 Papa Yohane Paulo II aliongeza Matendo ya Mwanga juu ya matendo 15 ya zamani, jambo linaloonyesha kwamba hata kitu kikongwe bado kinashonwa. Waorthodoksi wanatumia kamba ya mafundo. Miongoni mwa Waislamu kumekuwa na ubishi kama tasbihi ina asili katika mafundisho ya Mtume au la. Wapo wanaosema vidole vinatosha, na As-Suyuti, mwanachuoni wa Cairo aliyefariki mwaka 1505, aliandika risala nzima ya kuitetea. Mtu haandiki risala kutetea kitu kisichoshambuliwa. Lakini sijawahi kusikia Mhindu akidai shanga zake. Mchuuzi mmoja karibu na kituo cha daladala Dar es Salaam alikuwa amezitundika rozari na tasbihi kwenye ubao mmoja. Nilipomuuliza zinatofautianaje, alinitazama kama mtu aliyeulizwa tofauti ya chungwa na chenza. "Hii ina msalaba, hii ina kishada." Bei ilikuwa moja.

Ubishi mkali hauko kwenye shanga. Uko mahali ambapo mtu anaulizwa, "Hili unalofanya ni la dini gani?" na yeye anajibu kwa maneno matatu ambayo nimeyasikia maisha yangu yote: ni mila tu.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanayasema kila Julai. Siku ya Mwaka Kogwa, yaani kuoga mwaka, wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mabua ya migomba mpaka hasira za mwaka mzima ziishe. Kinajengwa kibanda cha makuti, mtu anaingia ndani, kinatiwa moto, naye anachomoka na kukimbia huku umati ukipiga kelele. Moshi unatazamwa unakoelekea. Wanawake wamevaa kanga zao nzuri kuliko zote na wanaimba nyimbo ambazo siku nyingine zingewatia aibu. Kila nyumba inataka mgeni wa kula naye, na nyumba isiyopata mgeni inaona mkosi.

Watu wa Makunduchi ni Waislamu, tena Waislamu wa kuswali. Lakini siku yenyewe inaitwa Nairuzi, neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya, na ndiyo sikukuu kubwa ya mwaka ya watu wa nabii Zarathustra tangu kabla ya Uislamu kufika Uajemi. Ilivukaje bahari? Jibu la pwani ni Washirazi, wanaohesabu asili yao Uajemi, na mabaharia walikuwa na sababu yao ya kuitunza. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, kwa hiyo Ramadhani inazunguka misimu yote, na nahodha hawezi kungojea kaskazi kwa kalenda ya namna hiyo. Mwaka wa Nairuzi una siku 365, umegawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na mzee wa pwani alikuwa anajua upepo unabadilika mwongo wa ngapi, kama mkulima anavyojua siku ya kupanda.

Kasoro ni kwamba mwaka huo hauna siku ya ziada kila baada ya miaka minne, kwa hiyo sikukuu iliteleza polepole. Iran wanaisherehekea mwezi Machi, mchana na usiku vinapolingana. Makunduchi imeangukia Julai. Misri nako jina lile lile limekwama kwa Wakristo: Wakopti wanauita mwaka wao mpya Nayruz, na unaanza tarehe 11 Septemba. Neno moja la Kiajemi, Waislamu wa Unguja upande huu na Wakristo wa Mto Nili upande ule, na hakuna hata mmoja kati yao anayewasha moto wa Zarathustra.

Na Zanzibar yenyewe ilikuwa na wenye moto huo. Waparsi kutoka Uhindi, wazao wa Waajemi wa dini ya kale, waliishi Mji Mkongwe na kuwa na nyumba yao ya ibada. Mwimbaji Freddie Mercury alizaliwa katika mji huo mwaka 1946 katika familia ya Kiparsi. Wengi wa Waparsi wanasherehekea mwaka mpya wao mwezi Agosti, kwa sababu hesabu yao nayo iliteleza kwa kosa lile lile la siku ya ziada. Kwa hiyo kisiwa kimoja kilikuwa na warithi wawili wa sikukuu moja, mmoja Mji Mkongwe na mwingine Makunduchi, wakipishana kwa majuma machache. Sijakutana na habari ya mmoja kumwendea mwenzake kumwambia, ndugu yangu, hiki ni chetu.

Wahubiri wenye msimamo mkali wanapokwenda Makunduchi na kusema kibanda cha moto ni ushirikina, wazee hawabishani kwa aya. Wanasema ni mila, si dini. Ukiwasikiliza juu juu utadhani wanakwepa, kumbe jibu lao limesimama imara. Wanachosema ni hiki: tumekiondoa kitu hiki kwenye rafu ya dini tukakiweka kwenye rafu ya mila, na huko hakigombani na msikiti.

Jibu hilo hilo lilitolewa Beijing mwaka 1700, na aliyelitoa ni mfalme wa Uchina. Wamisionari wa Kijesuti, wakimfuata Matteo Ricci, walikuwa wamewaruhusu Wachina waliobatizwa kuendelea kuinama mbele ya vibao vya mababu na kumheshimu Confucius. Wadominiko na Wafransisko wakawashitaki Roma kwamba wanaruhusu kuabudu wafu. Wajesuti wakamwendea mfalme Kangxi wakamuuliza: je, haya ni ibada? Kangxi akathibitisha kwamba ni heshima ya kiraia tu, shukrani kwa wazazi na kwa mwalimu. Hapa pana kichekesho, kwamba Wakristo walihitaji mfalme asiye Mkristo awaambie mipaka ya dini yao. Roma haikukubali. Papa Klementi XI alizipiga marufuku mila hizo, na mwaka 1742 Benedikto XIV akaufunga mjadala kabisa. Ulifunguliwa mwaka 1939, Pius XII alipoziruhusu, karibu karne mbili baadaye. Katika muda huo mila zenyewe hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni rafu zilipowekwa, na mkono uliozipanga.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo lote. Kuchukua desturi ya dini nyingine bila kuacha yako, sharti kwanza uishushe iwe mila. Bila kushusha huko unakuwa umehamia dini nyingine. Na kazi ya kushusha ina gharama, ambayo mara nyingi halipi mchukuaji.

Papa Gregori Mkuu aliifanya kazi hiyo waziwazi mwaka 601. Juni aliandika kwa Ethelbert, mfalme wa Kent huko Uingereza, akimtaka abomoe mahekalu ya kipagani. Kisha akafikiri tena. Mwezi uliofuata alimwandikia Mellitus, abati aliyekuwa safarini kwenda huko, na kugeuza shauri: sanamu zivunjwe, lakini majengo yaachwe, yanyunyiziwe maji ya baraka, na altare ziwekwe ndani. Ng'ombe ambao watu walizoea kuwachinjia mizimu waendelee kuchinjwa, ila sasa waliwe kwa kumshukuru Mungu siku ya sikukuu za mashahidi. Napenda kwamba alibadili mawazo ndani ya wiki chache, kama mtu aliyelala na barua yake akaamka na akili nyingine. Alijua kwamba mtu hupanda ngazi kwa hatua na si kwa kuruka, na kwamba mtu aliyenyang'anywa karamu yake ataichukia hata dini nzuri.

Upande wa Waislamu yuko mtu aliyefanya jambo linalofanana, lakini kwa kuzunguka. Abu al-Abbas al-Azafi alikuwa mwanachuoni wa Ceuta, mji wa pwani ya Afrika ya Kaskazini unaotazamana na Hispania. Alifariki mwaka 1236. Kilichomkera ni kwamba Waislamu wa Ceuta na Andalusia walikuwa wanasherehekea sikukuu za majirani zao Wakristo: kuzaliwa kwa Nabii Isa, Nairuzi na nyinginezo. Walipeana zawadi, walipika vyakula vya siku hiyo, na walihesabu siku zilizobaki. Kukemea kulikuwa kumeshajaribiwa. Al-Azafi akaona kwamba watu hawaachi sikukuu hivi hivi, lazima wapewe nyingine. Akaandika kitabu kuhimiza kusherehekea kuzaliwa kwa Mtume Muhammad, akianza na watoto wa madrasa. Mwanawe alipokuwa mtawala wa Ceuta aliifanya sherehe hiyo kuwa ya mji mzima.

Maulidi yalikuwepo mashariki kabla yake, katika Misri ya Wafatimi na katika mji wa Irbil, kwa hiyo al-Azafi si chanzo chake. Lakini hoja yake inaniburudisha kila nikiikumbuka. Ili Waislamu wasiazime Krismasi, aliazima umbo la Krismasi: siku ya kuzaliwa, watoto, chakula, mapambo. Wanaosema leo kwamba maulidi ni bidaa wangepata kwake silaha nzuri dhidi ya maulidi, kwa maneno ya mtetezi wake. Na wanaoyapenda maulidi, nami sifichi kwamba nayapenda, wanaweza kujibu kwamba umbo la furaha si mali ya mtu. Aliyewahi kuwa Lamu siku za maulidi, matari yakilia nje ya msikiti wa Riyadha, zefe likipita mtaani na vijana wamefunga vilemba, hawezi kudhani kwamba kilichoko pale ni Krismasi iliyogeuzwa jina. Habib Swaleh aliyeyaimarisha maulidi hayo alilaumiwa kwa matari, si kwa Wakristo wa Ceuta.

Mpaka hapa mwenye kitu hajatokea. Buddha wa Josaphat hakuwa na wakili Roma. Mizimu ya Kent ilishindwa vita. Sasa tumtazame mwenye kitu aliye hai, anayeishi mtaa huo huo, anayeona.

Katika makanisa mengi ya Marekani, Alhamisi Kuu watu huandaa seder, mlo wa Pasaka wa Wayahudi: mkate usiotiwa chachu, mboga chungu, vikombe vinne vya divai, kiti kimoja na mlango wazi kwa ajili ya Eliya. Nia yao ni njema, kula kama Yesu alivyokula usiku ule wa mwisho. Shida ya kwanza ni ya historia. Seder yenye mpangilio huo ni kazi ya marabi baada ya Hekalu la Yerusalemu kubomolewa na Warumi mwaka 70. Wakati wa Yesu Pasaka ilikuwa ni mwanakondoo aliyechinjwa Hekaluni. Kwa hiyo Mkristo anayeketi kwenye seder ili awe karibu na Yesu anakula mlo uliopangwa miongo mingi baada ya Yesu, na watu waliokuwa wanajaribu kubaki Wayahudi bila Hekalu.

Shida ya pili ni nzito kuliko hiyo. Kuanzia Norwich, Uingereza, mwaka 1144, ulizuka Ulaya uzushi kwamba Wayahudi wanaua watoto wa Kikristo. Baadaye ukaongezwa uongo kwamba damu yao inatiwa kwenye mkate wa Pasaka. Watu wengi wameuawa kwa uongo huo, na Wiki Kuu ilikuwa ndiyo wiki ya hatari, Wayahudi wakijifungia majumbani. Sasa wajukuu wa waliorusha mawe wanaandaa mkate ule ule ukumbini mwa kanisa, wanasema ni ishara ya Kristo, na wanashangaa jirani Myahudi akikunja uso. Maaskofu Wakatoliki wa Marekani waliliona jambo hili. Katika mwongozo wao wa mwaka 1988 walionya kwamba seder ikifanywa parokiani ifanywe kwa kuiheshimu kama ilivyo, isigeuzwe ya Kikristo wala isifanywe igizo la Karamu ya Mwisho. Ni onyo zuri, ingawa likifuatwa barabara Mkristo hana la kufanya pale isipokuwa kukaa kama mgeni. Pengine ndiyo maana yake.

Kwetu jambo hili limeingia kwa njia nyingine. Katika baadhi ya makanisa ya kilokole ya Nairobi na Dar es Salaam utasikia pembe ya kondoo ikipulizwa kama ya Wayahudi, utaona bendera ya Israeli, na wengine wanaadhimisha Sikukuu ya Vibanda. Wayahudi wa kukunja uso hatunao wengi jirani, na labda ndiyo sababu hakuna anayeuliza. Pwani hii ilikuwa na pembe yake ya heshima, siwa za Lamu na Pate, lakini sijamsikia mchungaji akiitamani.

Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani, walikwenda mbali zaidi ya kukunja uso. Kuanzia mwaka 1883 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku ngoma na ibada zao, na mtu aliweza kunyimwa posho au kufungwa kwa kucheza ngoma ya jua. Sheria ya kuwalinda katika ibada zao ilipitishwa mwaka 1978. Ndani ya muda mfupi baada ya hapo, ibada yao ya kibanda cha mvuke ilikuwa inauzwa na wazungu kama dawa ya uchovu wa mjini. Mwaka 1993 Walakota walitoa tamko la vita, kwa neno hilo hilo la vita, dhidi ya wanaoifanyia dini yao biashara. Mwaka 2009 huko Arizona watu watatu walikufa kutokana na kibanda cha namna hiyo kilichoendeshwa na mwalimu wa mafanikio ambaye si Mlakota. Tofauti ya mambo haya na Makunduchi haiko kwenye moto wala kwenye kibanda. Watu wa Makunduchi hawakuwahi kumkataza Mwajemi kuoga mwaka wake.

Yoga nitaipita haraka, kwa sababu kila mtu ameshasema yake. Baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu mwaka 2008 kwa kuwa ni dini. Chama kimoja cha Wahindu wa Marekani kilianza kampeni mwaka 2010 kulalamika kwamba watu wanasahau kuwa ni dini. Walimu wa mazoezi wa dunia nzima wanaapa kwamba si dini. Shehe na Mhindu wamekubaliana, na anayebishana nao ni mwenye kuuza mikeka.

Kuna mahali hata hivyo ambapo kuchukua kulifanyika mchana kweupe, mwenye kitu akiwepo, na hakukuwa na vita. Ni katika lugha hii ninayoandikia. Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, alipotafsiri maandiko Zanzibar alikuta lugha iliyoshonwa na Waislamu. Sala, dhambi, malaika, sadaka, Zaburi, Injili, na neno kanisa lenyewe, yote yalifika kwa mkono wa Kiarabu. Aliyatumia. Si kwamba yote yalikuwa ya Uislamu tangu mwanzo. Injili ni neno la Kigiriki lililopita Uhabeshi na Uarabuni kabla ya kufika kwetu, na Waarabu Wakristo walikuwa na kanisa kabla ya Mtume kuzaliwa.

Utenzi ulifuata njia hiyo. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ni habari za vita vya Uislamu na Warumi, na tendi za kale huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu kama barua ya shehe. Leo kitabu cha nyimbo kilichoko kwenye mikoba ya akina mama wa Kiprotestanti Tanzania na Kenya kinaitwa Tenzi za Rohoni, na Mathias Mnyampala, Mkristo wa Ugogo, aliitia Injili nzima katika utenzi. Sijasikia malalamiko ya maana kutoka Lamu. Nadhani ni kwa sababu Mnyampala hakuushusha utenzi. Aliuchukua kama chombo cha kumtukuza Mungu, na alimtukuza Mungu. Chombo kilibaki kwenye rafu yake.

Lakini tusijisifu mno. Nchi yetu nayo ina "ni mila tu" iliyomwaga damu. Kwa miaka mingi desturi ya Tanzania ilikuwa kwamba Muislamu ndiye anayechinja, machinjioni na kwenye sherehe, ili nyama iliwe na wote. Wakristo wengi hawakuiona kama ibada. Waliiona kama ustaarabu wa kukaribisha watu. Halafu Kanda ya Ziwa baadhi ya wachungaji wakaanza kuuliza: kama anayechinja analitaja jina la Mungu na kuelekea kibla, hii ni desturi ya nchi au ni ibada? Na kama ni ibada, kwa nini mimi nalazimika? Wakachinja wenyewe na kuuza. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi huo uliua mchungaji. Viongozi walikimbilia kusema kwamba ni utaratibu wa miaka yote, na kwa kweli ulikuwa hivyo. Lakini lile neno la mila, linapotoka kwa mzee wa Makunduchi anayetetea kibanda chake, linamlinda mnyonge. Likitoka kwa mwenye wingi akimwambia jirani yake, linageuka. Sioni namna ya kuwalazimisha watu kula mila.

Kwetu ni Muheza, si mbali na Magila, misheni ya zamani ya UMCA. Ukoo wetu una Waanglikana na Waislamu, na ukisoma majina kwenye makaburi utafikiri ni orodha ya wajumbe wa bunge. Babu alipofariki, alizikwa na mchungaji, na mara moja Bibi akaanza kuulizwa arobaini ni lini. Hakuna aliyeshangaa Mkristo kuwa na arobaini. Waorthodoksi wanayo tangu kale, ila Magila haikuwa ya Waorthodoksi, na sote tunajua ilivuka kwetu kutoka ua gani. Mchungaji, ambaye hapendi neno hilo, aliandika kwenye karatasi ya ibada "Ibada ya Shukrani." Watu walichukua karatasi na kuulizana arobaini inaanza saa ngapi.

Mbuzi walichinjwa na Mzee wa jirani, rafiki ya Babu tangu utoto. Mwanawe, aliyerudi kutoka masomoni, alikuwa amekataa kuja. Alimwambia baba yake kwamba arobaini haimo katika Sunna hata kwa Waislamu, sembuse kwa hawa. Mzee alikuja na kisu chake. Akawaelekeza mbuzi kibla, akafanya kazi yake, akanawa mikono, akaketi chini ya mwembe wakati sisi tukiimba ndani. Kila mchungaji alipomaliza dua tulisikia "Amina" moja ikichelewa kutoka nje.

Wakati wa kula, Mzee alikuwa anahesabu kwa vidole, ameacha pilau mbele yake. Alihesabu mara mbili. Kisha akamwita Bibi.

"Dada, mzee alituacha siku ya Jumamosi, sivyo? Leo ni ya arobaini na mbili."

Bibi akamwambia siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, lakini watoto wa Dar es Salaam wasingepata ruhusa kazini, ndiyo maana tumesogeza.

"Ah," akasema Mzee, akirudisha mkono kwenye sinia. "Basi hii si arobaini. Hii ni mila yenu."